Hapo Ndipo Mbwa Alipozikwa

Jumanne, saa moja usiku, juu ya duka la dobi,
mji wa Grimsby, mvua inanyesha kwa ubavu.
Mwalimu Glenys anafuta ubao kwa mkono wa sweta,
anaandika: *jambo hili lina harufu ya samaki.*
"Maana yake?"
Tunanusana.

Hanh na mimi tumekata minofu tangu alfajiri.
Rebwar hupakia makreti ya barafu gatini.
Mji mzima una harufu ya samaki, mwalimu:
noti za mshahara, mto wa kulalia,
nywele za bibi harusi wa Jumamosi iliyopita.
Sasa tumshuku nani, tumwache nani?
Glenys alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

Nina daftari la safu mbili.
Kushoto, wanavyosema. Kulia, wanachotaka kusema.
Amepiga teke ndoo: amekufa.
Na ndoo, nani aliiokota? Hakuna aliyejua.
Kumwaga maharagwe: kutoa siri.
Kumpa mtu bega la baridi: hapo sikuandika kitu,
nalijua kwa bega.
Yuko chini ya hali ya hewa: anaumwa.
Lakini huku, niliuliza, ni nani aliye juu yake?

Ikafika zamu yangu ya kuleta msemo wa nyumbani.
Nikasema, kwetu Panevėžys, mtu akifikia kiini cha jambo
husema: hapo ndipo mbwa alipozikwa.
Kimya.
"Mbwa wa nani?" Glenys akauliza, kwa huruma kabisa.
"Alikufaje, Daiva?"
Sikuwahi kumfikiria huyo mbwa.
Miaka arobaini na minne nimelikanyaga kaburi lake
wala sijauliza jina.

Ijumaa, msimamizi Craig akaniita ofisini.
Sauti yake laini kama glavu mpya.
Hakunitazama, alitazama kalenda.
Akasema: Daiva, tunalazimika kukuachia uende.
Nikaangalia saa. Saa nane na robo.
Nikasema asante sana, Mungu akubariki.
Kwani si ndivyo? Ukimwachia ndege, huruka.
Ukimwachia mtoto mkono, basi amejua kutembea.
Nikavua buti huku naimba,
nikanunua mkate mweusi, ule wa bei,
nikampigia mama simu: leo wamenitoa mapema,
huku nako kuna watu.

Jumatatu kadi yangu ililia mlangoni mara tatu.
Taa nyekundu. Taa nyekundu.
Hanh alikuwa ng'ambo ya kioo, kofia ya nailoni kichwani,
akinipungia mikono kwa ishara
isiyo ya lugha yake wala yangu.
Maharagwe sikuyagusa mimi.
Kumbe kilichomwagika ni unga.

Jumanne nikaenda darasani kama kawaida.
Kwingine ningekwenda wapi?
Nikasimama, nikachukua kalamu ya ubao mwenyewe,
nikaandika maneno ya Craig kwa herufi kubwa.
Glenys akafungua mdomo, akaufunga.
Siku hiyo hakuuliza maana yake.
Rebwar, asiyejua kunyamaza, alinyamaza.
Chini yetu mashine zilizungusha mashuka ya watu,
zikasita, zikazungusha tena.

Niliwaza: kumbe wana namna ya kukufungia kisu katika leso,
nawe, kwa adabu, ukashukuru leso.

"Mwalimu," nikasema, "yule mbwa."
"Mbwa gani?"
"Wa kwetu. Nimepaona alipozikwa."

Akaja akaketi kwenye kiti cha mwanafunzi, kando yangu.
Akatoa daftari lake, jipya, halina hata doa,
akapiga mstari katikati ya ukurasa
na kuanza safu ya kushoto,
akiniuliza tahajia, herufi kwa herufi,
na mimi nikimsahihisha.