Gurudumu la Nne

Kwanza ilikuja barua, wino wa buluu,
kwenye karatasi ya risiti ya duka la vitasa:
"Nataka mume wangu. Sentimita thelathini.
Aamke, aende mlangoni, ajaribu kufuli,
arudi kulala. Mara tatu. Ndivyo alivyokuwa.
Bei si neno. Ottavia Cossutta, Trieste."

Hapa Urtijëi wajomba zangu walichonga watakatifu,
vidole viwili juu, wamesimama, wamesimama,
mpaka nikachoshwa na kusimama.
Mimi nachonga wanaokwenda:
daktari wa meno anayejing'oa jino mwenyewe,
bibi harusi anayemkimbia mpiga picha,
mbuzi mmoja wa benki (sikuuliza kwa nini).

Nikamjibu: nitumie picha, na nguo aliyolalia,
na uniambie alitanguliza mguu upi.
Zikaja picha nne na soksi moja.
"Wa kushoto. Goti lilikuwa likilia."

Msonobari wa mlimani hauna haraka na mtu.
Ukiulazimisha kwa patasi, unapasuka.
Ukiubembeleza, unaachia utepe
mwembamba kama ganda la kitunguu
na harufu inayokaa nyweleni hadi Jumapili.
Februari nzima nililala na kuamka na bwana huyu,
tumbo lake, kisigino chake,
pajama la mistari niliyoichora
kwa brashi ya unywele mmoja.

Uhai wenyewe uko sandukuni, chini ya kitanda:
mhimili wa shaba, magurudumu matatu,
moja umbo la yai, moja limeumwa ubavuni,
moja lina nundu. Nundu ikipita
waya unasukuma, bwana anainuka.
Hiyo ndiyo siri yote ya kazi yangu:
duara kamili halimwamshi mtu.

Machi akapiga simu. Akanyamaza kwanza.
"Unaweza kuongeza kitu? Akishajaribu kufuli,
kabla hajalala, ageuze kichwa.
Aniangalie."
Nikasema hilo ni gurudumu la nne,
wiki tatu, euro mia nne na hamsini.
Akasema sawa kabla sijamaliza kutaja.

Shingo ilinitoa jasho kwenye baridi.
Kichwa kiligeuka kama cha askari wa gwaride,
kisha kama cha bundi,
kisha kikakwama kikitazama dari siku mbili.
Gurudumu la sita, baada ya pumzi moja tu ya msasa,
kikageuka polepole,
kama mtu aliyesikia jina lake chumba cha pili.
Nikaketi. Nikasahau chai.

Alikuja kwa basi la saa tano,
theluji ikimyeyukia viatuni. Hakuvua koti.
Akashika mpini, akazungusha.
Bwana akaamka, mguu wa kushoto,
mlango, kitasa, kitanda;
mlango, kitasa, kitanda;
mlango, kitasa, na kichwa kikageuka.

Akazungusha tena. Na tena. Mara ya mwisho
akasimamisha katikati, akaliwekea paji la uso
kidole gumba, kama anayepima homa.

"Litoe."
"Halijakaa vizuri?"
"Limekaa vizuri mno. Ila huyu simjui.
Miaka arobaini na moja, akishafunga, analala.
Wa kuangalia nilikuwa mimi."

Skrubu mbili. Kazi ya wiki tatu
ikalala kiganjani, nyepesi kama kifungo.
Nilitaka kumpunguzia. Hakutaka kusikia,
akahesabu noti zote, na zake gurudumu,
akalitia mfukoni pamoja na tiketi ya basi.

Kwenye mhimili pakabaki pengo, upana wa kidole.
Ningeweza kuliziba kwa kipande cha mti.

Mwezi Mei ikaja kadi, wino uleule:
"Ikifika penye pengo mashine inasita,
tk, halafu analala.
Tafadhali usije kuirekebisha."