Goti la Fundi

Daktari alifunua daftari lake:
mwezi wa tatu, mwakani.
Goti likalia kama kokoto.

Miaka thelathini limekanyaga cherehani.
Nikaiuza hiyo cherehani, na kiwanja cha Pongwe;
Barabara ya Kumi na Mbili wakachanga,
Bi Mwanakombo akafungua pindo la kanga:
"Usinirudishie. Rudi tu unatembea."

Chennai nilifika Jumanne,
Alhamisi nina goti jipya.
Lugha ya muuguzi siijui;
akigonga sakafu kwa kisigino, nanyanyua mguu.
Kitanda cha pili alilala mama wa Lusaka;
kwa Kiingereza cha kuokoteza
tukalinganisha bei ya nyonga na ya goti
kama tuko Mgandini, mbele ya mafungu ya nyanya.

Sasa nimerudi Ngamiani.
Goti halina cha kukanyaga.
Napanda ngazi za watu bila sababu.

Shemdoe, fundi mwenzangu, bado yuko barazani,
nyonga yake imeandikiwa mwezi wa tano.
"Huko ni mbali?" kaniuliza,
mkono ukutani, akitafuta kuinuka.

Nilitaka kusema: ni karibu kuliko mwezi wa tano.
Nikampa bega.
Kiwanja hana.