Daftari la Vizazi

Miaka thelathini na mbili nimeandika majina
katika ofisi ya vizazi na vifo, Lagoa Torta,
mji ulio mbali hata na mji ulio mbali.
Vizazi kwa wino wa buluu, vifo kwa mweusi,
ndoa kwa wowote uliobaki.

Zamani walikuja kuomba majina ya watakatifu.
Baba alivua kofia, akauliza leo ni siku ya nani,
nami nikatazama kalenda ya ukutani: Eustáquio.
Basi, Eustáquio. Wa tisa.
Kila mwaka baba yuleyule, kofia ileile,
kikohozi chake kikitangulia hodi.

Kisha meya akatuletea televisheni.
Moja. Ikapandishwa uwanjani juu ya nguzo ya saruji,
ndani ya sanduku la bati lenye kufuli,
na ufunguo akapewa Genésio, mpiga kengele wa kanisa,
aliyeifungua saa moja jioni na kuifunga saa tatu
kwa uaminifu ambao misa haikuwahi kuupata.
Watu walikwenda na viti vyao kichwani.
Padri akarudisha rozari nyuma, saa kumi na moja.
Hakuamriwa na mtu. Alichoka kuhubiria mabenchi.

Ndani ya kioo mlikuwa na wanawake wa Rio,
sebule yenye zulia, mtoto mmoja, labda wawili,
na mlango ambao mke aliufunga nyuma yake, begi mkononi,
na dari haikuanguka.
Hakuna aliyetuambia: zaeni wachache.
Hakuna aliyetuambia: ondokeni.

Mimi niliyaona daftarini kabla ya yeyote.
Kwanza watakatifu wakastaafu.
Wakaja kina Rochelle, kina Dáyvison;
daktari wa tamthilia alipata majina kumi na mawili mwezi mmoja,
nami nikiuliza tahajia, baba ananyoosha kidole uwanjani:
"Andika linavyosikika."
Kisha idadi. Wa tisa akawa wa sita,
wa tatu akawa kitinda mimba.
Kisha Divina, mke wa seremala, akaja
na viatu vya Jumapili siku ya Jumanne,
akaulizia fomu ya talaka.
Nikamwambia sheria hiyo nchi hii haina.
"Nitangoja," akasema, akakaa kwenye benchi
kana kwamba inakuja na basi la mchana.
Ilikuja baada ya miaka miwili na nusu.
Alikuwa wa kwanza mlangoni.

Sikatai, nilicheka naye. Ila niandike na hili.

Wajenzi wa bwawa waligoma mwezi wa Agosti.
Walipita chini ya dirisha langu, vumbi likaingia hadi kwenye mihuri.
Kwenye daraja askari waliwangoja.
Jioni uwanja ulijaa kimya, kila mtu na kiti chake,
macho juu, tukisubiri kuambiwa yaliyotupata.
Ikaja mvua ya kusini. Ikaja mpira.
Akaja malkia wa urembo, na taji lake, na machozi.
Genésio akafunga sanduku.

Asubuhi jirani yangu Odete,
aliyemficha kijana chini ya kitanda chake usiku kucha,
aliingia ofisini, akaniinamia, akanong'ona:
"Kwani ilitokea?"

Sikumjibu. Nilimgeuzia daftari.
Majina matatu, meusi.
Akaweka kidole juu ya la kwanza:
Eustáquio. Wa tisa.
Wino ulikuwa mbichi bado.
Ukamshika.