Mkalimani, Wodi ya Bombo

Daktari Yordanis katoka Kuba,
Kiswahili chake cha miezi minne.
Bi Mwanamkasi katoka Duga Maforoni,
Kidigo chake cha miaka themanini.
Katikati nikawekwa mimi, Riziki Mhando,
muuguzi wa zamu ya usiku, mama yangu Mdigo.

Daktari akasema: "Mguu ukatwe. Sukari imeula."
Nikasema: "Bibi, mguu unaumwa."

Hapo ndipo nilipoiba.
Neno moja tu, nikalificha chini ya ulimi
kama mtoto na kashata.

Bibi akanitazama.
"Mbona yeye kasema mengi,
wewe umeniletea machache?
Mengine yamedondoka njiani?"

Nikarudi kuyaokota.
Nikayasema yote: msumeno, Jumanne, mkongojo.
Akanyamaza mpaka dripu ikaisha.

"Mwulize, kwao
mguu uliokatwa huzikwa wapi?"

Nikamwuliza, bila kupunguza.
Mgeni akafungua mdomo, akaufunga.
Akavuta kiti, akaketi,
macho yake yakawa sawa na ya bibi.
"Sijui," alisema. "Miaka kumi na tisa nakata.
Sijawahi kuuliza."

Sikuitafsiri hiyo.
Bibi alikwisha kuisikia.

Kwenye fomu, pembeni pa dole gumba lake,
daktari aliandika kwa mwandiko uliopinda:
*Mguu arudishiwe mwenyewe.*

Jumatano mjukuu alikuja na kanga mpya kuuchukua.
Daktari akaomba kusindikiza hadi Duga.
Nikampelekea bibi ombi lake, zima zima.
Akafikiri kidogo.

"Aje.
Lakini mwambie, kule atatusikiliza sisi kwanza."