Herufi Moja

Mwaloni, kati ya mizani na magunia ya dagaa,
Magesa fundi simu alinifundisha kusoma upya:
c ni si, mama. 2 ni tu.
x ni s iliyokunja nne.
Nikacheka. Kumbe hata mimi
daftarini naandika *Nyz gn 2 bdo*
na Nyanzobe hulipa bila kuuliza.

Kisha nikapandisha juu, hadi jumbe za wiki iliyopita,
Mbuke akiwa bwenini, ng'ambo ya Kamanga:
*mama cko xawa*

Na chini yake, jibu langu:
"Amina mwanangu. Soma kwa bidii."

Nikafuta vidole kwenye khanga.
Nikaandika, herufi moja moja:
*2po pamoja. nakuja kexho, kivuko cha saa 2.*

*Hii ya mwisho ni mbili kweli.*