Kiporo

Nepi ya kwanza, Ibra, joto la Juni:
chembe za rangi ya machungwa, kama zafarani
iliyomwagika pembeni mwa sufuria ya halua.
Nikakung'uta. Wifi Zuweina akasema joto hilo, mpe maji.

Daktari Mirghani alinichorea nyuma ya karatasi ya dawa.
Mwili, alisema, haupiki upya kila siku.
Ndani ya kila seli kuna kimeng'enya kimoja,
kazi yake kuokota mabaki na kuyarudisha jikoni.
Nikamkata kauli: kiporo.
Yeye Msudani, neno halijui.
Wali wa jana, nikamwambia, unaupasha asubuhi,
unaula na chai, na mgeni hatambui.
Basi mpashaji huyo, akasema, kwa Ghasani hayupo.
Mabaki yote yanamwagwa, yanageuka asidi,
asidi changarawe, kwenye figo, kwenye viungo.

Dawa ya changarawe ipo. Anameza. Mkojo umetakata.
Kwa yale mengine daktari alifunika kalamu.

Yale mengine yana meno.
Alianza na mdomo wa chini, kisha kidole cha shahada.
Anauma huku analia. Sijui nisemeje unielewe:
hataki. Mkono wake, meno yake, na hataki.
"Mama, nifunge."
Anaomba kamba kama wenzake wanavyoomba peremende.
Nikishamvisha soksi mikononi na kukaza mikanda ya kiti
anatulia, anacheka, anahesabu barabara ya Sur:
pikapu, pikapu, lori la maji, ngamia ndani ya pikapu!
Nikilegeza, anapiga ukelele. Anajiogopa.

Mama, kwenye simu kutoka Donge, alinyamaza
mpaka nikadhani salio limeisha.
Kisha: "Kama Sleyum."
Mjomba ninayemjua kwa jina.
Walimpungia juma zima, pepo hakutaja jina lake.
"Alikuwa akituomba tumfunge," mama akasema,
"tukadhani si yeye anayesema."

Imepita kwetu wanawake, na imetupita.
Bibi, mama, mimi: tumebeba bila kusikia uzito.
Rayya wangu ana miaka tisa, anampulizia kaka yake uji.
Damu yake sijaipeleka kupimwa.
Sijaipeleka.

Leo nimepasha wali wa jana,
nimemlisha kwa kijiko cha mpira.
Punje moja imeganda shavuni.
"Na hiyo, mama. Usiitupe."
Nikaiokota. Nikaila mimi.