Neno la Jana Lilikuwa Refu

Baba yangu, Gocha, hutengeneza lifti za Gldani,
zile za maghorofa ya kijivu pembeni mwa Tbilisi
ambazo hazipandi mpaka uzilishe sarafu.
Jioni hurudi na grisi chini ya kucha,
ananawa, haitoki, anaketi mezani,
anasukuma bakuli la jozi kando,
anasema: Haya, lete.

Namletea bati la biskuti lililojaa kadi.
Elfu moja na mia moja. Nimezikata mwenyewe
kutoka maboksi ya dawa za kikohozi.
Upande huu Kijojia, kwa mwandiko wangu,
upande ule Kiingereza, ambacho Baba
hajawahi hata kusalimiana nacho.
Herufi zake huziona kama kulabu
zilizomwagika kutoka sanduku la fundi mwingine.

Yeye husoma maana, mimi hutaja neno.
"Kulalamika bila kukoma, kwa sauti ya kukera."
Nataja.
"Tabia ya kusema machache."
Nataja.
"Kisichodumu; cha kupita."
Nataja.
Kila mara husema sawa
na kuilaza kadi kifudifudi mkono wa kulia,
na dole gumba lake linabaki pale, jeusi,
kama muhuri wa ofisi isiyofunga.

Niliwahi kumuuliza: Unajuaje kuwa ni sawa?
Akasema: Lifti nayo haisemi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita.
Nilikwisha kuufanya mtihani mara mbili
na mara mbili alama zilinisimamisha mlangoni.
Ada ya mara ya tatu aliilipa yeye.
Hatukuzungumzia ilikotoka.
Niliona tu kwamba saa ya babu
haipo tena ukutani,
msumari umebaki peke yake, unaonyesha saa yoyote.

Usiku mmoja wa Novemba nilikuwa hoi.
Kutwa nzima nimesimama kwenye duka la dawa,
mji mzima unanikoholea usoni.
Baba akasoma: "Mtu mwepesi wa kuamini,
anayemeza lolote aambiwalo."
Sikulikumbuka.
Nikatema sauti iliyokuwa karibu,
makombo ya mdomoni, yaliyopakwa lafudhi,
kisha nikangoja sawa yangu.

Hakuilaza kadi.
Aliigeuza, akazitazama zile kulabu,
akazigusa moja moja kwa ncha ya kidole.
Neno la jana lilikuwa refu, akasema.
Lilipanda, likasita katikati, likashuka.
Hili limeanguka tu.

Njia ya mwongo, kumbe, ni fupi kweli:
yangu ilikuwa silabi mbili.

Uso ukanipata moto mpaka masikioni.
Hakunigombeza. Alichagua jozi moja,
akaipasua kwa koleo lake la kazini,
akanipa nusu iliyotoka nzima.
Rudia, akasema.
Hakuna anayeshuka kati ya ghorofa mbili.

Chumba cha mtihani kilikuwa na vizimba vya mbao
na saa inayohesabu kurudi nyuma.
Kijana wa kizimba cha jirani alikuwa akitafuna kamba ya kofia yake.
Swali la kumi na tisa: sentensi yenye pengo,
maneno matano yamejipanga chini
kama wasafiri wasiofahamiana.
Macho yangu hayakumjua hata mmoja.
Nikafumba. Nikayatamka kimoyomoyo.
La kwanza likajikwaa. La pili likanyooka tu, bapa.
La tatu likapanda,
likasita katikati.

Nilirudi nyumbani saa kumi na moja, mvua ikianza.
Lifti ya lango letu ilikuwa imekwama wazi,
na miguu ya Baba ikitokeza chini ya kibanda chake,
soksi moja imetoboka kisiginoni.

Limekuja? akauliza kutoka huko gizani.
Limekuja.
Refu?
Refu.

Akanyoosha mkono nje, kiganja juu.
Nikampa spana.